Somo: Kupima mlango wa kizazi kwa altrasaundi kabla ya kuanzisha uchungu

Vidole vya mkunga hupapasa sehemu ya mlango iliyoingia ukeni tu. Karibu nusu yake iko juu zaidi, na tundu la nje likiwa limefunga, huwezi kujua huko ndani kukoje. Probu ya ukeni, yaani kichwa cha mashine ya altrasaundi kinachoingizwa ukeni, inauonesha mlango wote, kwa hiyo inasaidia kukadiria kama uchungu wa kuanzishwa utafika mwisho au la. Inasaidia, haiamui.

Anza na tumbo. Hakikisha mtoto ametanguliza kichwa, moyo unapiga vizuri, maji yanatosha na kondo halijakaa njiani. Kisha rudia kadi ya kliniki: umri wa mimba umetoka kwenye kipimo cha mapema au kwenye tarehe ya hedhi ya kukisia? Mama aliyeandikwa wiki 41 kumbe ana 38 atakuwa na mlango mrefu na mgumu, na utalaumu dawa bure.

Sasa mlango wenyewe.

1. Mama akojoe kwanza. Kibofu kilichojaa huukandamiza mlango ukaonekana mrefu kuliko ulivyo.

2. Alale chali, magoti juu. Weka jeli ndani ya kondomu, vika probu, weka jeli safi juu yake.

3. Ingiza taratibu hadi mbele ya mlango, upate picha ya urefu. Ukishauona, vuta probu nyuma kidogo mpaka picha ififie, kisha rudisha kwa mguso mwepesi tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mkono mzito unaurefusha mlango. Ukiona ukuta wa mbele ni mwembamba kuliko wa nyuma, unabonyeza.

4. Kuza picha mpaka mlango uchukue zaidi ya nusu ya kioo. Pima kutoka tundu la ndani hadi la nje. Kama juu pamefunguka mfano wa faneli, pima sehemu iliyofunga peke yake.

5. Pima mara tatu ndani ya dakika tatu hivi, kwa sababu mlango hubadilika kizazi kinapokaza. Andika kipimo kifupi kati ya vile vilivyo vizuri.

6. Ukiweza, pima pia pembe kati ya mfereji wa mlango na ukuta wa nyuma wa kizazi, pale kwenye tundu la ndani. Ikizidi nyuzi 120, ni dalili nzuri.

Kuhusu namba: mipaka ya urefu wa mlango inayotumika iko kati ya milimita 20 na 30, na 28 hutajwa mara nyingi. Chini ya hapo matumaini ni makubwa. Lakini milimita 32 kwa mama aliyewahi kuzaa kawaida si sawa na 32 kwa mimba ya kwanza. Huyo aliyewahi kuzaa mara nyingi hujifungua vizuri tu. Soma urefu pamoja na uzazi uliopita, alama za Bishop (za utayari wa mlango, zinazotolewa kwa kupima kwa vidole), uzito wa mama na mkao wa kisogo cha mtoto. Tunasisitiza: mlango mrefu hauwi sababu ya kumpeleka mama kwenye upasuaji. Unakuambia uanze kwa kulainisha mlango, kwa misoprostoli au puto la katheta ya Foley (mpira wa mkojo wenye puto), na umweleze mama kwamba huenda ikachukua zaidi ya siku.

Maswali ya wanachama

*Nesi mkunga, Mpwapwa: Kituoni tuna probu ya tumbo tu. Tufanyeje?*

Dada, ivike glavu yenye jeli, iweke kwenye msamba, ukielekeza kwa urefu. Hewa ya njia ya haja kubwa huficha tundu la nje. Kuinua makalio kwa mto kunasaidia. Unaweza pia kuigeuza kwa upana ukapima umbali wa kichwa hadi msamba. Kwa hicho, tofauti na kipimo cha ukeni, unabonyeza kwa nguvu mpaka uhisi mfupa, bila kumuumiza mama.

*Tabibu, Kongwa: Chupa ikiwa imeshapasuka, bado naweza kuingiza probu?*

Ndiyo, kwa usafi wa hali ya juu na kwa muda mfupi, kama jibu litabadilisha utakachofanya. Vinginevyo tumia njia ya msamba. Damu ikiwa inatoka, usiingize kitu kabla ya kujua kondo liko wapi.

*Mkunga, Manyoni: Mlango una milimita 35 na kidonge chetu ni cha mikrogramu 200. Tukikate vipande vinane?*

Hapana, vipande havilingani. Yeyusha kidonge kizima kwenye mililita 200 za maji safi, tikisa kila unapopima, mpe mama mililita 25 anywe kila baada ya saa mbili. Hizo ni mikrogramu 25. Mikazo ikishakuwa mizuri, acha. Kinachobaki kimwagwe baada ya saa 24.

*Huyohuyo: Na akiwa na kovu la upasuaji?*

Misoprostoli hapewi, hata mlango ukiwa mfupi kiasi gani. Kovu linaweza kupasuka. Mpe rufaa mapema, kabla uchungu haujaanza, kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu.