Kabla hujapaua: kuchagua kizuia joto cha nyumba ya Pwani

Wengi wanaojenga Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huanza kufikiria joto wakishahamia, saa nane mchana, feni ikizungusha hewa ya moto. Wakati huo bati limeshapigwa na jipsamu imeshapakwa rangi. Kizuia joto huamuliwa kabla ya kupaua, kwa sababu aina inayotufaa zaidi hukaa chini ya bati, na kuiweka vizuri baadaye ni kufumua paa.

Jua kwanza joto lako linaingilia wapi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena katikati ya Oktoba. Paa ndilo linalobeba mzigo. Bati la mchana mkavu linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, kisha likamimina mionzi ya joto juu ya dari yako. Kwa hiyo pesa ianzie juu. Ukuta wa tofali za inchi sita unaweza kusubiri, ilimradi upande wa magharibi una mti, veranda au upenu mrefu wa kuukinga. Na kabla hujanunua kitu chochote cha ziada, chagua rangi ya bati: jeupe au hafifu hurudisha sehemu kubwa ya jua, lakini lile la kijivu kizito linalopendwa siku hizi hulinywa.

Kwa bati la Pwani, mimi ningeanza na karatasi ya alumini, ambayo mafundi huiita foili. Haizuii joto kwa unene wake. Inazuia kwa kung'aa, na kung'aa kunafanya kazi tu pale ambapo uso wake unatazama hewa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: foili inalazwa ikagusana na bati, na chuma kinaipitishia joto lake moja kwa moja. Mpangilio sahihi ni foili juu ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), papi (mbao nyembamba za kupigilia bati) juu ya foili, bati juu ya papi. Unene wa papi unakupa nafasi ya hewa. Isipungue sentimita 2.5. Uso unaong'aa ukitazama chini ni bora zaidi, kwa kuwa vumbi haliukalii. Muuzaji akikuonyesha foili yenye viputo akataja namba kubwa ya kuzuia joto, muulize namba hiyo imehesabiwa na nafasi ya hewa au bila. Viputo vyenyewe vina milimita chache tu.

Sufu ya kioo, ile inayowasha ngozi, hufanya kazi kwa kunasa hewa ndani yake. Unene wa milimita 50 hutoa uwezo wa kuzuia wa takriban 1.25 katika kipimo cha R (kikiwa kikubwa, joto linazuiwa zaidi), na milimita 100 mara mbili yake. Ukiikandamiza ili ienee, umeitupa faida hiyo. Ikilowa pia haifai, kwa hiyo bati linalovuja lizibwe kwanza. Anayeitandaza avae barakoa, glavu na mikono mirefu. Sufu ya mwamba ni nzito zaidi, lakini haiungui. Maboya ya plastiki nyeupe (polistirini) ni mepesi na yanazuia vizuri, ila yanashika moto, na yakigusana na waya wa umeme kwa muda mrefu hulifanya ganda la waya kuwa gumu na kupasuka. Juu ya jiko nisingeyaweka.

Anayejenga Njombe au Makete ana hesabu nyingine. Huko shida ni kubakisha joto ndani, hivyo sufu nene juu ya dari na kuziba mianya ya milango vitamfaa kuliko foili peke yake. Lakini nyumba iliyozibwa hivyo isilaliwe na jiko la mkaa ndani. Hewa ya mkaa inaua watu usingizini.

Paa la kuficha, lile lisiloonekana nyuma ya ukuta uliopandishwa, lina tatizo lake: mwinuko mdogo, nafasi finyu juu ya dari, na mara nyingi halina upenu. Ukilitaka, mwambie mchoraji mapema aache matundu ya hewa pande mbili, yenye wavu wa kuzuia popo na panya.

La mwisho ni umeme, na hili naliomba kwa dhati. Foili inapitisha umeme. Mwaka 2010 Australia ilisitisha mpango wa serikali wa kuweka vizuia joto majumbani baada ya mafundi 4 kufa, baadhi yao kwa kupigwa na umeme. Fundi umeme amalize njia zake kwanza, umeme uzimwe foili inapopigiliwa, na taa za kuzama kwenye dari zisifunikwe na sufu. Kisha piga picha za waya zote kabla dari haijafungwa, uzihifadhi pamoja na ramani ya nyumba.