Huduma za wodini zifike kwenye bili kabla mgonjwa hajaondoka

Pesa nyingi nilizoona zikipotea hospitalini hazikuibwa na mtu. Zilibaki kwenye faili: nyuzi za kushonea, mpira wa mkojo, chupa tatu za dripu. Vimetumika, havikuingizwa kwenye bili. Wiki iliyopita nilikuwa wodi ya wazazi na masista tukipanga upya, ndipo nikaona niandike.

1. Kila zamu iwe na mtu mmoja wa kuingiza huduma kwenye mfumo, jina lake ubaoni. Mkisema "yeyote atakayepata nafasi", hataingiza mtu.

2. Chapisheni bei za vitu vya idara yenu tu, mbandike ukutani.

3. Tarehe na saa. Hapa nilipoteza siku mbili nzima. Rejista ya thieta iliandikwa "Ijumaa, saa 7:20 usiku". Sisi tukisema hivyo tunaelewana: ni usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Kompyuta haielewi hivyo. Kwake ni Jumamosi, 01:20. Mapokezi walimlaza mama kwa saa ya kompyuta, sista akaingiza upasuaji kwa tarehe ya rejista. Kwenye madai tuliyopeleka bima mama akaonekana amepasuliwa Ijumaa, amelazwa Jumamosi. Bima wakakataa kulipia upasuaji wote. Mwingine aliingiza 7:20 vilevile, ikawa asubuhi.

Kwa hiyo rejista iandikwe kwa saa 24, na usiku uandikwe tarehe zote mbili: "tarehe 14 kuamkia 15". Angalieni pia tarehe ambayo mfumo unaijaza wenyewe. Wa kwetu unaweka ya leo, hata kama huduma ni ya juzi. Na bili ikishafungwa, msifungue hudhurio jipya (yaani kumsajili mgonjwa upya kwenye mfumo) ili kupenyeza kilichosahaulika. Msimamizi aifungue ileile, la sivyo mtakuwa na mgonjwa mmoja aliyelazwa mara mbili.

4. Kila asubuhi linganisheni rejista na bili, mstari kwa mstari, kwa kalamu nyekundu. Mimi natumia kaunta buku. Picha za faili kwenye grupu la WhatsApp sizitaki: siri za wagonjwa zinazagaa, na bado hakuna anayezisoma.

5. Saini. Fomu ya madai ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ile ya 2A na B, huhitaji saini ya mgonjwa, basi asaini akiwa bado kitandani. Niliwahi kumfuata bibi mmoja mpaka kituo cha daladala, fomu mkononi, konda akipiga kelele tumwachie abiria wake.