Hati za safari ya visiwani: nini kiandaliwe, lini, na wapi watu hukwama

Anayezuia safari ya visiwani mara nyingi si ofisa wa uhamiaji wa kisiwa chenyewe. Ni mfanyakazi wa shirika la ndege, kwenye kaunta ya uwanja unaoondokea. Shirika likimpakia abiria ambaye hati zake hazijakamilika, hutozwa faini na kulazimika kumrudisha alikotoka, kwa hiyo mfanyakazi huyo hana nafasi ya kukuonea huruma. Anaingiza uraia wako, unakotoka, unakopitia na unakokwenda kwenye Timatic, mfumo wa kanuni za hati za safari unaoendeshwa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, na kinachotokea kwenye skrini ndicho anachokifuata. Andaa hati zako ukijua kwamba yeye ndiye mkaguzi wa kwanza.

Anza na swali la utawala: kisiwa hiki ni cha nani?

Makosa ya gharama kubwa huanzia hapa, na ndiyo sababu tunalitanguliza swali hili mbele ya pasipoti na viza. Kisiwa kinaweza kuwa nchi kamili, kama Maldivi, Shelisheli au Morisi. Kinaweza kuwa sehemu ya nchi kubwa zaidi, kama Bali ilivyo Indonesia, Phuket ilivyo Thailand na Langkawi ilivyo Malaysia. Kinaweza pia kuwa himaya ya nchi iliyo bara jingine kabisa, na hapo ndipo watu hujikwaa.

Réunion ni mkoa wa Ufaransa katika Bahari ya Hindi, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja. Mwenye viza ya kawaida ya Schengen hana ruhusa ya kuingia Réunion kwa viza hiyo peke yake. Ombi hupelekwa kwenye ubalozi uleule wa Ufaransa, ila ni lazima utaje kwamba unakwenda mkoa wa ng'ambo, na viza utakayopewa itaandikwa hivyo. Martinique, Guadeloupe na Mayotte ni vivyo hivyo. Ukipitia Paris na kutoka nje ya uwanja, unahitaji vyote viwili: ruhusa ya Schengen na ya mkoa wa ng'ambo.

Aruba, Curaçao na Sint Maarten zimo katika Ufalme wa Uholanzi lakini hazimo Schengen. Zina viza yao ya Karibi. Kisiwa cha Saint-Martin kimegawanyika: kaskazini ni Ufaransa, kusini ni Sint Maarten, na uwanja mkubwa wa ndege, Princess Juliana, uko kusini. Hata kama hoteli yako iko upande wa Ufaransa, ndege inakushusha upande wa Uholanzi, basi hakikisha hati zako zinakubalika pande zote mbili. Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani hufuata sheria za Marekani, yaani viza ya Marekani, au kibali cha ESTA kwa raia wa nchi zilizosamehewa viza. Visiwa vya Cayman na Turks na Caicos ni himaya za Uingereza, ila kila kimoja kina sheria zake za uhamiaji.

Pasipoti

Kanuni ya miezi sita si ya dunia nzima, ingawa wengi huisema hivyo. Indonesia inataka pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita kuanzia siku ya kuwasili. Maldivi hudai mwezi mmoja tu. Hata hivyo ushauri wetu ni uleule: kama pasipoti imebakiza chini ya miezi sita, ibadilishe kwanza. Nchi unayopitia inaweza kuwa kali kuliko unakokwenda, na ndege ikiahirishwa siku chache huna pa kupumulia.

Angalia pia kurasa tupu. Ziwepo mbili kamili, zinazotazamana kama inawezekana, na usihesabu zile za mwisho zilizotengwa kwa maelezo ya nchi iliyotoa pasipoti. Kisha kagua hali ya kitabu chenyewe. Ukurasa wa picha ulioanza kuachia, doa la maji, kona iliyochanika au mhuri wa mapambo uliogongwa kwenye kivutio cha watalii vinatosha kukurudisha, na Bali inajulikana kwa ukali huo.

Jina kwenye tiketi lifanane na jina lililo kwenye ukurasa wa picha. Chini ya ukurasa huo kuna mistari miwili inayosomwa na mashine. Kila mstari una nafasi 44 za herufi, kwa hiyo jina refu huweza kukatwa. Andika tiketi kwa jina kamili lililo juu ya ukurasa, na wakikuuliza kuhusu tofauti, waoneshe mistari ile. Wanaokwenda fungate wawe waangalifu hasa hapa: bibi harusi husafiri kwa jina lililo ndani ya pasipoti aliyonayo, si lile atakaloanza kulitumia baada ya ndoa. Tiketi ikikatwa kwa jina jipya na pasipoti ikawa na la zamani, cheti cha ndoa huenda kisisaidie kitu kaunta. Mwenye pasipoti yenye jina moja tu awasiliane na shirika la ndege kabla ya kulipa, maana kila shirika lina namna yake ya kulijaza.

Viza, na vibali ambavyo si viza lakini ni lazima

«Hakuna viza» haimaanishi «hakuna maombi». Shelisheli haidai viza kwa raia wa karibu nchi zote, lakini kila mgeni huomba idhini ya kusafiri mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Maldivi hutoa viza ya siku 30 bure ukifika, ila unajaza tamko la msafiri la mtandaoni, IMUGA, ndani ya saa 96 kabla ya kuwasili, na jingine kabla ya kuondoka. Ufilipino wana fomu ya mtandaoni ya eTravel, ndani ya saa 72. Thailand imeanza kutumia kadi ya kidijitali ya kuwasili, TDAC, tangu Mei 1, 2025, inayojazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Malaysia nao wana kadi kama hiyo, MDAC, ya siku tatu. Jamhuri ya Dominika ina tiketi yake ya kielektroniki ya kuingia na kutoka, na Kuba hutumia fomu ya mtandaoni ya D'Viajeros.

Dirisha hilo la saa huhesabiwa kwa wakati wa kisiwa, si wa kwako. Anayevuka bahari mbili anaweza kudhani amechelewa kumbe yuko ndani ya muda, au kujaza mapema mno na fomu ikakataa tarehe. Jaza siku moja au mbili kabla ya safari, pakua msimbo wa QR kama picha kwenye simu, na uchapishe nakala moja. Wi-Fi ya uwanjani ina kawaida ya kugoma pale pale unapoihitaji.

Fomu za IMUGA, eTravel, TDAC na MDAC ni bure. Ukiona tovuti inayodai dola 50 au 80 kwa fomu hizo, umeingia kwa dalali. Tovuti hizo hulipia matangazo ili zitangulie kwenye matokeo ya utafutaji, na nyingine hukusanya picha za pasipoti. Anza kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji au ya ubalozi wa nchi husika, ufuate kiungo kutoka pale.

Kwa viza za mtandaoni, kosa kubwa ni namba ya pasipoti. Herufi O na tarakimu 0, herufi I na tarakimu 1: viza hutolewa, malipo hupita, kisha kaunta wanaona viza ni ya pasipoti nyingine. Mara nyingi unalazimika kuomba upya na ada ya kwanza hairudi. Kosa jingine ni kuomba viza kwa pasipoti ya zamani ukiwa tayari umeomba mpya.

Bali ina malipo mawili yanayochanganywa. Viza ya kuwasili ya Indonesia, kwa raia wa nchi zilizoorodheshwa, ni rupia 500,000 kwa siku 30 na huongezwa mara moja kwa siku nyingine 30. Mbali na hiyo kuna tozo ya utalii ya Bali, rupia 150,000 kwa mgeni, iliyoanza Februari 14, 2024. Kulipa moja hakufuti nyingine. Zanzibar nako, tangu Oktoba 1, 2024, mgeni kutoka nje ya Tanzania hutakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, na kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni dola 44. Bima uliyonunua kwenu haichukui nafasi yake, hata kama inalipa zaidi.

Njia unayopita

Visiwa vingi havifikiki kwa ndege moja, na hati za kupita ndizo zinazosahaulika kuliko zote. Marekani haina utaratibu wa kusubiri ndani ya uwanja bila kupita uhamiaji. Ukiunganisha ndege Miami kwenda Karibi, hata kwa saa mbili, unahitaji viza au ESTA. Nchi za Schengen na Uingereza nazo hudai viza ya kupita uwanjani kwa raia wa baadhi ya nchi.

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali huongeza tatizo. Kama mzigo hauunganishwi moja kwa moja, itabidi utoke kuuchukua, na kutoka ni kuingia nchini humo. Wanaosafiri kwa meli ya kitalii wakumbuke kwamba meli ikianzia Miami, ikatia nanga Bahamas na kurejea Miami, abiria ameingia Marekani upya. Viza ya kuingia mara moja haitamrudisha.

Cheti cha homa ya manjano

Visiwa vingi havina ugonjwa huu lakini vina mbu anayeweza kuueneza. Mgonjwa mmoja akishuka, mbu wa pale wanamaliza kazi. Ndiyo maana Maldivi, Sri Lanka, Shelisheli na Morisi hudai cheti kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa, na mara nyingi hata kwa waliopitia uwanja wa nchi hizo kwa zaidi ya saa 12. Hapa kinachotazamwa ni njia uliyopita, si uraia wako.

Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa wiki ya safari amechelewa. Tangu Julai 11, 2016 cheti ni cha maisha, kikiwemo cha zamani chenye tarehe ya kuisha ya miaka 10. Usikubali kuambiwa urudie chanjo kwa sababu hiyo peke yake. Kagua kadi kabla ya kuondoka kituoni: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe yenye mwezi ulioandikwa kwa herufi, namba ya toleo la chanjo, saini ya mtoa huduma, muhuri rasmi wa kituo, na saini yako.

Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Wenye kinga dhaifu, wenye mzio mkali wa mayai na watoto wachanga hawapewi, na wenye umri wa miaka 60 na zaidi huhitaji ushauri wa daktari kwanza. Daktari anaweza kuandika msamaha kwenye kijitabu hichohicho, lakini nchi unakokwenda ina haki ya kumweka asiyechanjwa chini ya uangalizi hadi siku sita. Uliza ubalozi mapema kama msamaha unakubaliwa.

Karatasi za kuunga mkono

Tiketi ya kutoka kisiwani huulizwa karibu kila mahali, na Ufilipino hawana mchezo nayo. Usinunue tiketi za kughushi zinazouzwa mtandaoni; namba ya uhifadhi huhakikiwa kwa sekunde chache. Nunua tiketi inayorejeshewa pesa kama huna uhakika wa tarehe. Chukua uthibitisho wa malazi kwa usiku wote, si wa kwanza tu, na taarifa ya benki ya miezi mitatu. Kuba hutaka bima ya afya, na kwenye visiwa vidogo bima ikiwa na kipengele cha kuhamishwa kwa ndege kwenda hospitali kubwa ni ya kununua hata kama haidaiwi.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili iliyoshuhudiwa na wakili. Barua itaje majina na namba za pasipoti za wote, tarehe za kwenda na kurudi, anwani ya kisiwani na simu ya mzazi aliyebaki. Yatima au mtoto wa mlezi abebe cheti cha kifo au amri ya mahakama.

Anayepanga kuendesha pikipiki achukue leseni ya kimataifa yenye daraja la pikipiki, pamoja na leseni yake ya nyumbani. Moja bila nyingine haifanyi kazi. Ukipata ajali bila daraja hilo, kampuni ya bima ina sababu tosha ya kukataa kulipa.

Kuhesabu siku

Indonesia huhesabu siku ya kuwasili kuwa ya kwanza. Ukishuka saa 5:50 usiku na kugongewa muhuri kabla ya saa 6, dakika hizo chache zimekula siku nzima. Kuzidisha muda hutozwa rupia 1,000,000 kwa siku, na zikipita siku 60 mtu hufukuzwa na kuzuiwa kurudi. Soma muhuri ukiwa bado mbele ya ofisa. Tarehe iliyokosewa hurekebishwa pale kwa dakika moja.

Ukikataliwa kaunta, usigombane. Mwombe mfanyakazi akusomee mstari wa Timatic anaoutegemea, kisha hakikisha ameingiza uraia sahihi, aina sahihi ya pasipoti na njia yako yote. Mara nyingine ameacha kuingiza viza ya nchi ya tatu inayokupa msamaha. Mwombe msimamizi wa zamu aangalie upya, ukiwa na ukurasa wa idara ya uhamiaji uliochapishwa mkononi. Kama kweli kuna hati inayopungua, omba wabadilishe tarehe ya tiketi kabla ndege haijafungwa. Tiketi ya aliyehesabiwa kuwa hakutokea hufutwa yote, pamoja na ya kurudi.