Tanga hadi Nairobi kwa treni: hati ya safari kwanza, tiketi baadaye

Hakuna treni ya abiria inayotoka Tanga ikavuka mpaka wa Kenya. Reli yetu, iliyoanza kujengwa 1893, inashika njia ya Korogwe, Mombo na Moshi. Anayetaka kufika Nairobi kwa reli bila wakala hupanda basi la Mombasa kupitia Horohoro, kisha hupanda SGR ya Kenya katika stesheni ya Miritini. Safari yenyewe ni nyepesi ukifuata mpangilio mmoja: hati ya safari kwanza, tiketi baadaye. Sababu ni kwamba tiketi ya SGR hukatwa kwa jina na namba ya hati yako, na mlangoni unaulizwa hati hiyohiyo.

Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi kuvukia. Una njia mbili. Ukiwa na msiba au mgonjwa upande wa pili, omba hati ya dharura ya safari. Ada yake ni shilingi 20,000. Kama una ndugu Kwale au Mombasa na unajua utaenda tena, mimi nakushauri uchukue pasipoti ya kielektroniki: shilingi 150,000, na inadumu miaka 10. Maombi yote mawili huanzia kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Unajaza fomu, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unachapisha fomu na kuipeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Kwa pasipoti, beba namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha mzazi au kiapo badala yake, picha za pasipoti na maelezo ya sababu ya safari. Alama za vidole huchukuliwa palepale, kwa hiyo usimtume mtu.

Kabla ya kulipa chochote, weka NIDA na cheti cha kuzaliwa mezani ulinganishe majina herufi kwa herufi. Huku kwetu Mwanahamisi wa cheti huwa Mwanakhamisi wa NIDA, na Omari akawa Omar. Tofauti ndogo kama hiyo inasimamisha maombi mpaka uapishwe au urekebishiwe kumbukumbu. Mtoto naye anahitaji hati yake mwenyewe, hata kama bado ananyonya.

Wakati unasubiri hati, kachanje homa ya manjano. Chanjo huanza kuhesabika baada ya siku 10, na tangu 2016 kadi yake haiishi muda.

Hati ikishatoka, ndipo ukate tiketi. Hukatwa kwenye tovuti ya shirika la reli la Kenya au kwa kupiga *639# kwenye laini ya Kenya, na malipo ni ya M-Pesa ya huko. Kama una shangazi au binamu Mombasa, mtumie jina lako kamili na namba ya hati akukatie. Mpigie picha ukurasa wenyewe, usimsomee kwa simu. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Mombasa hadi Nairobi ni shilingi 1,500 za Kenya, na daraja la kwanza ni 4,500. Karibu na Idi na Krismasi nafasi huisha mapema.

Mpakani, Horohoro na Lunga Lunga hufanya kazi kwa mfumo wa kituo kimoja. Ukienda Kenya, muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya vyote hugongwa upande wa Lunga Lunga. Shuka na hati mkononi, na usirudi kwenye basi kabla hujaiona mihuri yote miwili. Raia wa Afrika Mashariki halipii viza. Njia za panya zipo na kila mtu wa Mkinga anazijua, lakini nakusihi usizipite: bila muhuri, polisi wa barabarani akikukagua huna la kumwonyesha. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, Kenya waliipiga marufuku tangu 2017.

Usipange basi na treni zikabana. Basi likikushusha Likoni, kuna foleni ya feri, kisha daladala, ambazo wao huziita matatu, hadi Miritini. Ukiwa na mizigo mingi, teksi kupitia barabara ya Dongo Kundu inakuepusha na feri. Fika stesheni angalau saa moja kabla, maana mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa, halafu hupitishwa kwenye mashine. Visu havipiti, hata cha kumenyea machungwa.

Kurudi, mihuri hugongwa upande wa Horohoro, na hapo ndipo unapoweza kuulizwa kadi ya manjano, kwa kuwa unatoka Kenya. Iweke ndani ya hati ya safari, usiitie kwenye begi lililo chini ya basi.