Somo: Godoro lisifanye bonde (kwa sisi wa Lamu)

Salaam aleikum. Kila wiki naulizwa lilelile: "Godoro limeingia bonde, ninunue la aina gani?" Naandika mara moja tu.

1. Toa godoro, tazama kitanda. Vuta uzi ukaze kutoka mbavu hadi mbavu. Kamba au mbao zikiwa zimeshuka chini ya uzi zaidi ya vidole viwili, godoro halina kosa. Kamba ziwambwe upya. Nafasi kati ya mbao na mbao isizidi inchi 3, na kitanda kipana kiwe na mguu wa katikati.

2. Likivushwa kwa boti kutoka Mokowe, liwe ndani ya nailoni. Likifika, lifungue siku hiyohiyo.

3. Lizungushe, kichwani kuwe miguuni, kila wiki mbili kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha kila miezi 3. Kulipindua juu chini ni kwa lenye pande mbili sawa tu.

4. Tandika kitambaa kizito cha pamba chini ya shuka. Kinanyonya jasho.

5. Kuosha. Hapa someni taratibu. Mtoto alikojolea godoro langu la sponji, nikalipandisha darini, nikalimwagia ndoo tatu za maji ya kisima, nikalikunja juu ya ukuta lichuruzike. Jua la kaskazi likakausha juu kwa siku moja, nikalitandika. Usiku wa tatu nikagandamiza kwa kiganja: unyevu, na harufu ya mwani. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na chumvi ikibaki ndani ya sponji huvuta unyevu wa hewa. Halikukauka kamwe. Pale nilipolikunja pakabaki mstari laini, na mwezi haukuisha bonde likaanza hapohapo. Sponji iliyojaa maji ni nzito na dhaifu, huchanika ndani na kitambaa cha juu kisionyeshe kitu.

USILIMWAGIE maji. USILIKUNJE likiwa bichi. USIIANIKE sponji juani kutwa, hugeuka manjano na kumong'onyoka. Gandamiza taulo kavu linyonye, pitisha kitambaa chenye maji matamu na sabuni kidogo, gandamiza tena taulo kavu. Kisha lilaze juu ya kitanda cha kamba kitupu, kivulini penye upepo, ili lipate hewa juu na chini.

MASWALI

Mdau wa Langoni: Langu lina bonde, nifanyeje?
— Hatua ya 1.

Mdau wa Langoni: Kitanda changu kizima bwana.
— Umekipima kwa uzi au kwa macho? Niletee vidole vingapi, ndipo tuzungumze.

Mdau wa Mkomani: Nyanya yangu alianika magodoro juani miaka yote. Unatupotosha.
— Simpotoshi mtu. Ya nyanya yalikuwa ya sufi au pamba, na hayo yanataka jua. Nimeandika sponji, rudi usome.

Mdau wa Mkomani: Samahani kakangu, kweli yalikuwa ya sufi. Moja bado ninalo, limegandamana katikati. Linafufuka?
— Linafufuka, usilitupe! Lianike tangu asubuhi, adhuhuri ulipindue, ulipige kwa fimbo nyembamba ukianzia kingoni. Pakibaki donge, fumua mshono kiasi cha mkono kupita, lichambue kwa vidole hadi sufi ivimbe, ushone. Ingiza ndani kabla ya Magharibi, umande usilikute.

Mdau wa Shela: Mume wangu ni mzito, upande wake umeshuka, nami nateremkia huko.
— Dadangu, ukizungusha kwa hatua ya 3, alipokuwa akilalia yeye panakuja upande wako, lakini kiunoni pake panakwenda usawa wa mapaja yako. Na asikae ukingoni palepale kila asubuhi akivaa viatu. Awekewe kiti.

Mdau wa Matondoni: Nikiweka plaiwudi juu ya kamba zilizolegea?
— Yafaa kwa muda. Itoboe matundu, kila shubiri tundu moja la kupita kidole gumba. Bila matundu, masika yakiingia utakuta ukungu mweusi chini ya godoro. Mie godoro langu huliinua kila Ijumaa asubuhi, nalisimamisha ukutani hadi nirudi msikitini.