Kuvuka Chalbi kwa gari, kutoka Marsabit hadi Kalacha

Chalbi, jangwa la kaskazini mwa Kenya, imenimeza mara mbili. Tangu hapo navuka hivi.

1. Jaza kila kitu Marsabit. Dizeli na maji, tangi na madumu. Huko mbele dizeli huuzwa kwa dumu, ikiwepo, kwa bei ya mwenye dumu. Beba spea tairi mbili, maana mawe meusi ya volkano ukiiacha lami Bubisa hukata tairi ubavuni, na ubavu hauzibiki.

2. Ulizia mvua Maikona, mji mdogo ulio njiani. Usiulize kama njia ni nzuri. Utaambiwa nzuri, kumbe mwenzio alipita na ngamia. Uliza lori la mwisho limepita lini, na upande gani. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka; mvua ikipiga milima ya Huri, maji huishia hapo hata kama kwako ni jua kali.

3. Punguza upepo wa tairi mawe yakiisha. Mimi hushuka kutoka psi 40 hadi 22. Funga habu za mbele (vifungio vya katikati ya magurudumu) na uingize fofo, magurudumu yote manne yavute, kabla hujakwama. Kuzifunga zikiwa ndani ya tope ni adhabu.

4. Kanyaga kwa mguu kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea. Juu chumvi ni nyeupe na kavu, chini ni tope. Ukiona rangi inageuka kahawia iliyokolea, simama palipo pagumu, shuka, piga kisigino. Ikivunjika kama biskuti, endelea. Kisigino kikitoka na udongo mweusi unaonata, geuza. Mara ya pili nilikwama kwa kukata kona ya mita mia tatu tu, nikiacha nyayo za malori. Nilichimba toka saa nne asubuhi hadi jua kutua, na jeki yenyewe ikazama. Siku hizi ubao wa kuwekea jeki hautoki garini.

5. Gari likilegea, usikanyage mafuta. Rudi nyuma polepole kwenye alama zako mwenyewe.

6. Vuka asubuhi. Adhuhuri mazigazi hukuonyesha maji na miti inayoelea, ukapoteza mwelekeo. Fuata jipiesi na nyayo, si macho.

Mikoma ya Kalacha ikionekana kweli, bado usishangilie: jaza upepo kabla ya kurudi kwenye mawe.