Tableti ya bure iliyonifunga miezi 36

Nawaandikia mlioko Marekani ambao mshaombwa tableti na nyumbani, au mtaombwa kabla ya Idi. Swali ni lile lile: ninunue ya waifai tupu, au inayotia laini? Mimi nilichagua ya laini, na hapo sikukosea. Nilikosea dukani nilipoichukua.

Niliingia duka la kampuni yangu ya simu hapa Columbus kulipa bili. Kijana wa kaunta, meno yote nje, akaniambia kuna iPad, tableti ya Apple, ya bure inanisubiri, mradi nifungue laini yake kwa dola 20 kwa mwezi. Mimi mtoto wa Lamu, ninayepatana bei mpaka ya pweza, nikatia sahihi kama mgeni. Swali nililopaswa kuuliza ni hili, liandikeni kiganjani: imefungwa kwa mtandao wenu, na mtaifungua lini?

Karatasi ilikuwa na majibu yote, kwa herufi za sisimizi. Bei ya tableti imegawanywa miezi 36, na kila mwezi kampuni hukurudishia kipande chake kwenye bili. Ukiifunga laini katikati, marejesho yanakatika na deni lililobaki lote linaangukia kwako. Mpaka deni liishe, tableti haikubali kadi ya mtandao mwingine. Dola 20 mara 36 ni 720, kodi kando. Hiyo ndiyo bure yao.

Wenyeji hawaoni ajabu. Huku gari ni kwa mwezi, godoro kwa mwezi, na ukiuliza kitu ni bei gani unajibiwa ni ngapi kwa mwezi. Ni watu wema, watakushikia mlango ukiwa bado hatua ishirini nyuma, lakini kwa hesabu hii ya vipande vipande nisameheni, siwaigi.

Basi tableti ikasafiri mkobani mwa jamaa mpaka mtaa wa Langoni, Lamu, kwa mama. Mpwa wangu akatia kadi ya Safaricom. "Mjomba, inasema laini haikubaliki." Nikamwambia apanguse kadi. Akapangusa. Apanguse tena. Maskini alipangusa kadi nzima siku nzima, kosa ni langu.

Kisha, bila kuniuliza, akaipeleka Mombasa kwa fundi, akatoa shilingi 3,000 "ifunguliwe". Mpwa wangu nakupenda, lakini kufuli hii haimo ndani ya tableti. Imo kwenye rekodi za kampuni na za Apple. Fundi afute kila kitu, ikiwashwa upya itauliza, na itajibiwa: imefungwa. Wenye jamaa Malindi, Lamu na kwingineko, waambieni: hela ya fundi wa kufuli ni hela ya baharini.

Kwa hiyo nunueni kwa pesa taslimu, isiyofungwa, na mhakikishe kabla haijapanda ndege. Fungua Mipangilio (Settings), halafu Jumla (General), kisha ukurasa wa Kuhusu (About), tafuta mstari wa kufuli ya mtandao (Carrier Lock). Lazima useme hakuna vikwazo (No SIM restrictions). Ukisema vingine, irudisheni siku hiyo hiyo. Kuweka akaunti na nywila mnajua wenyewe.

Je, laini inahitajika kweli? Ya laini huzidi ya waifai kwa dola 150 hivi. Kama mzee ana simu janja na kijana wa kumwashia hotspot, waifai tupu inatosha, hizo 150 mnunulieni bando. Mamangu ana kabambe, simu ya vitufe tu, na nyumba yetu ni ya mawe ya zamani: ruta ya jirani ukiiwasha ukumbini, chumbani haifiki, ukuta ni mnene kuliko mkono wangu. Stima ikipotea, nayo hiyo ruta inazimika. Kwake laini ndiyo jibu. Ila jueni iPad haipigi simu ya kawaida wala haina menyu ya M-Pesa, ni bando tu. Na za laini zilizotoka kuanzia 2024 hazina tundu la kadi, ni eSIM peke yake, yaani laini ya ndani isiyo na kadi, kwa hiyo kuwe na mtu wa kumsaidia mzee dukani.

Jambo moja lilinipa ahueni. iPad za waifai tupu hazina GPS, kile kipokezi cha setilaiti kinachokuonyesha ulipo. Za laini zinayo, hata zikiwa zimefungwa. Mpwa wangu ana boti ya watalii, hupakua ramani akiwa kwenye waifai, na siku za kwenda kisiwa cha Kiwayu huiazima kwa mama.

Siku nyingine mama hukaa nayo dakani, baraza la mlangoni, ndipo waifai ya jirani inaposhika. Jana alinipigia kwa video, punda akapita nyuma yake, akaniuliza kama ile tableti nimeshailipa. Nikamwambia bado miezi kumi na moja.